Mtambo Uliolala Humla Mwenyewe

Kila mwaka, mvua za Dodoma zinapokoma, alizeti za Hombolo na za vijiji jirani huinamisha vichwa kungoja kukauka. Ifikapo Mei na Juni huvunwa, hupigwa, hupepetwa na kutiwa magunia. Hapo mashine za kukamua, kubwa na ndogo, tangu Kongwa na Dodoma mjini hata Manyoni na Singida, hunguruma mchana kutwa. Lakini miezi haiwi mingi kabla ya kelele hizo kupungua. Mashine moja husimama, kisha ya pili, na vibarua huambiwa warudi makwao hadi msimu mwingine.

Jambo hili limezoeleka hata wengi wetu huliona kuwa ni kawaida ya nchi, kama kiangazi kilivyo kawaida. Lakini kiangazi huletwa na Mungu. Kusimama kwa mashine huletwa na hesabu, na jambo lililoletwa na hesabu laweza kuondolewa kwa hesabu. Makala haya yamekusudiwa mkulima wa alizeti, mfanyakazi wa kiwandani na mwenye mtambo. Yataeleza jinsi msafishaji wa mafuta anavyoweza kusimama imara wakati ambapo mitambo ni mingi kuliko mbegu, na mnunuzi wake anavutwa na mafuta ya bei nafuu kutoka ng'ambo.

UPUNGUFU WA MAFUTA, WINGI WA MITAMBO

Takwimu zilizotolewa na Serikali mwaka 2021 zilionyesha kuwa Tanzania ilihitaji kiasi cha tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, ilhali yaliyozalishwa humu nchini yalikuwa kiasi cha tani 205,000. Yaani zaidi ya nusu ya mafuta yaliyotiwa katika vyungu na makaango yetu yalishuka melini. Mtu asiyejua mambo angedhani kwamba katika nchi yenye upungufu mkubwa namna hiyo, kila kiwanda cha mafuta kingefanya kazi usiku na mchana. Ajabu ni kwamba sivyo ilivyo. Mikoa ya kati ina mamia ya mashine za kukamua, na nyingi katika hizo hulala sehemu kubwa ya mwaka.

Sababu ya kwanza ni mbegu. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, nayo ni haba: Dodoma hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Mashamba mengi hayafikishi tani moja ya alizeti kwa hekta. Mbegu zinazovunwa hugombaniwa na wakamuaji wengi kwa muda mfupi, kila mmoja akazipata chache, na zikiisha hakuna nyingine hadi Mei ijayo.

Sababu ya pili ni bei. Mchikichi uliotunzwa vema katika shamba kubwa hutoa tani tatu na zaidi za mafuta kwa hekta moja. Hekta ya alizeti iliyotoa tani moja ya mbegu huleta kiasi cha kilo 300 za mafuta, na aghalabu chini ya hapo. Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yote ya mawese ya dunia. Nao wenzetu hao wana viwanda vya kusafisha vilivyozidi kazi iliyopo. Kwa sababu hiyo serikali ya Indonesia kwa miaka mingi imetoza mafuta ghafi yanayotoka nchini mwake kodi kubwa kuliko yaliyokwisha kusafishwa, ili mitambo yake ipate kazi kwanza. Basi msafishaji wa Dodoma asidhani kwamba mshindani wake ni jirani yake wa Singida peke yake. Anashindana na mtambo wa pwani ya Sumatra, ambao nao unaogopa kulala.

Tena bei ya dunia haina utulivu. Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilizuka, na nchi hizo mbili ndizo zinazoongoza kwa kuuza mafuta ya alizeti duniani. Aprili mwaka huohuo Indonesia ilizuia mawese yake kutoka, na zuio hilo likadumu hadi Mei. Bei zikapaa, na wakulima wetu wakapanua mashamba. Lakini mwaka 2023 wastani wa bei za mafuta ya mimea duniani ulishuka kwa karibu theluthi moja. Waliolima kwa matumaini ya bei ya 2022 walivuna katika bei ya 2023. Kilio cha wakulima wa Dodoma na Singida mwaka ule kilisikika hadi Bungeni, na si ajabu: mkulima aliyeuza gunia kwa hasara msimu huu, msimu ujao hupanda mtama au choroko, na mtambo hukosa mbegu hata bei ikipanda tena.

HESABU YA SIKU ZA KULALA

Tuchukue mfano, ili jambo lieleweke kwa kila mtu. Kiwanda kina uwezo wa kukamua tani 20 za mbegu kwa siku. Kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka kitakamua tani 6,000. Tuseme gharama zake zisizobadilika, yaani riba ya mkopo, mishahara ya kudumu, ulinzi, pango na uchakavu wa mitambo, ni shilingi milioni 90 kwa mwaka. Kila tani ya mbegu itabeba shilingi 15,000 za gharama hizo.

Sasa kiwanda hichohicho kikikamua siku 75 tu, kitapata tani 1,500. Benki haipunguzi riba kwa kuwa mbegu zimekwisha, wala mlinzi hali robo ya mshahara. Shilingi milioni 90 ni zilezile; ila sasa kila tani inabeba 60,000. Mwenye kiwanda huyu ana njia mbili za kuzifidia shilingi 45,000 zilizoongezeka: kumpunja mkulima kwenye mzani, au kumwongezea bei mlaji. Akimpunja mkulima atakosa mbegu mwakani, na akimwongezea bei mlaji atakosa mnunuzi leo. Ndiyo maana twasema mtambo uliolala humla mwenyewe, na kabla ya kummaliza huanza na mkulima na kibarua.

Neno moja lafuata kutokana na hesabu hiyo, nalo ndilo kiini cha makala haya: msafishaji hushinda kwa kuongeza siku za kazi za mtambo wake na kwa kuongeza thamani ya kila kilo inayopita ndani yake. Mengine yote, hata ushuru wa forodha, ni msaada tu wa mambo hayo mawili.

WALIOTUTANGULIA: KIGAMBONI NA CHANGAMWE

Wenzetu wa petroli na mafuta ya taa walipita njia hii kabla yetu, na Afrika Mashariki ina makovu ya kuonyesha. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, pale Kigamboni, kilijengwa na Waitaliano na kuanza kazi mwaka 1966. Kilikuwa fahari ya taifa changa. Lakini kilipofika mwisho wa miaka ya 1990 kilikuwa kimeacha kusafisha. Ilikuwa nafuu zaidi kununua petroli na dizeli iliyokwisha safishwa kuliko kusafisha wenyewe kwa mtambo mdogo na mkongwe. Leo matangi yake hutumika kuhifadhi mafuta yaliyosafishwa na wengine.

Changamwe, Mombasa, ni habari hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Kiwanda kile kilianzishwa na kampuni za Shell na BP mwaka 1960, kikaanza kusafisha mwaka 1963, na sehemu ya pili ikaongezwa mwaka 1974. Uwezo wake wa asili ulikuwa tani milioni 4 kwa mwaka. Katika miaka yake ya mwisho kilisafisha chini ya nusu ya hizo. Sheria ya Kenya iliyalazimisha makampuni ya mafuta kupitisha sehemu ya mafuta yao hapo, yakitaka yasitake. Ulinzi ulikuwepo, ila mtambo ulikuwa wa namna ya zamani, uliotoa mafuta mazito mengi ya bei ya chini, na petroli na dizeli kidogo. Kampuni ya Essar ya India iliyoingia mwaka 2009 kwa ahadi ya kuutengeneza upya iliona hesabu haikubali. Septemba 2013 usafishaji ulikoma, na Changamwe nayo ikageuka ghala.

Nani aliyewashinda? Aliyewashinda ni yule aliyejua kutoa vitu vingi vya thamani kutoka pipa lilelile. Kule Jamnagar, magharibi ya India, kampuni ya Reliance ilifungua mwaka 1999 kiwanda ambacho, pamoja na nyongeza yake, kina uwezo wa mapipa zaidi ya milioni moja kwa siku. Kiwanda hicho hununua mafuta ghafi mazito ya bei ya chini na kuyageuza petroli na dizeli safi. Masalio ambayo Changamwe iliyauza kwa hasara, Jamnagar huyapika tena yakawa mali.

Hata Ulaya yenyewe haikusalimika. Kiwanda cha Grangemouth, huko Scotland, kiliacha kusafisha mwezi Aprili 2025 kwa kushindwa na mitambo mikubwa na mipya ya nchi nyingine. Lakini wapo waliokataa kufa. Kampuni ya Eni, ndiyo ile ya Waitaliano wa Kigamboni, iliona kiwanda chake cha Venice hakina kazi ya kutosha, na mwaka 2014 ikakigeuza kitengeneze dizeli kutokana na mafuta ya mimea na mafuta yaliyokwisha kukaangia. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta huko Makueni nchini Kenya, nchi kavu kama Ugogo, ili kulisha mitambo yake ya Italia. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji: tajiri wa petroli amekuja kutafuta mbegu katika nchi kavu ya Afrika Mashariki. Yeye ameijua thamani ya mbegu zetu; haifai sisi wenyewe tuwe wa mwisho kuijua.

FUNZO LA KONGWA

Wala hatuhitaji kwenda Venice kutafuta funzo. Lipo Kongwa, mashariki mwa Hombolo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianza pale Mradi wa Karanga. Walipanga kulima ekari milioni tatu katika Afrika Mashariki na ya Kati, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta matrekta kwa mamia, wakajenga mji na reli na karakana. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mibuyu ikavunja vyuma, na mvua ikawakimbia. Alizeti nayo ilijaribiwa, ukame ukaipiga. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara ya pauni milioni 36 ikaandikwa vitabuni.

Wazee wa Kigogo walioutazama mradi ule walijua jambo ambalo wakubwa wa London hawakulijua: katika nchi hii, mvua ndiyo bwana, na mashine hufuata. Walioleta chuma kabla ya kujua mbegu, udongo na majira walipata makumbusho ya chuma. Leo, tunapoona mtu akikopa fedha nyingi kununua mtambo wa kisasa mahali ambapo mashine kumi tayari zinagombania magunia, yafaa tumkumbushe Kongwa. Mtambo wa kumi na moja hauongezi hata punje moja ya alizeti. Hugawanya zilizopo tu, na kuzidisha siku za kulala za wale kumi.

UKUTA WA USHURU

Wapo wasemao kwamba dawa ni moja: tuzuie mafuta ya nje. Serikali imejaribu dawa hiyo kwa kipimo. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 ushuru wa forodha wa mafuta ghafi ya mawese ulipandishwa hadi asilimia 25, na ule wa mafuta yaliyosafishwa, kwa sehemu au kwa ukamilifu, hadi asilimia 35. Tofauti ile ya asilimia 10 iliwekwa ili anayetaka kuagiza aone heri asafishie hapa nchini, na kazi ibaki kwetu.

Lakini ukuta una milango, na kila mlango una ugomvi wake. Mei 2018, Ramadhani ikikaribia, ulizuka mzozo mkubwa juu ya shehena za mafuta bandarini Dar es Salaam: je, yalikuwa ghafi, au yalikwisha kusafishwa kwa sehemu? Jibu lilikuwa na mabilioni ya shilingi ndani yake. Mafuta yakakaa bandarini, na bei ikapanda mitaani. Jambo hilo lilionyesha pia kwamba wasafishaji wetu si wa namna moja. Wa pwani husafisha mawese ghafi ya ng'ambo, na kwao ushuru mdogo wa ghafi ni uhai. Wa nyanda za kati hukamua alizeti, na kwao ushuru huohuo ukiwa mdogo ni kifo. Serikali husimama katikati, na mlaji wa kawaida mwenye shilingi chache husimama nyuma ya wote, akiomba bei isipande.

Hatusemi ushuru hauna kazi. Katika mwaka wa bei kuporomoka, kama ule wa 2023, ushuru ni mwavuli, na mkulima asiye na mwavuli hulowa. Tunasema tu kwamba anayejenga kiwanda juu ya ushuru peke yake amejenga juu ya jambo linalojadiliwa upya kila Juni. Tena wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msafishaji asiye na mshindani huanza kuuza mafuta yenye mashapo, na akiambiwa hujibu kwamba ni mafuta ya nyumbani. Changamwe ililindwa kwa sheria, na sheria haikuifanya iwe mpya.

NJIA ZA KUSIMAMA IMARA

Kwanza ni mbegu. Kiwanda kianze kujengwa shambani. Mbegu ya zamani iitwayo Rekodi imewatumikia wakulima wetu kwa miaka mingi, lakini mahali pengi imechanganyika na kuchoka kwa kurudiwa kupandwa kutoka ghala la mkulima mwenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ambayo ina kituo chake pale Hombolo kwa mazao ya nchi kavu, na Wakala wa Mbegu wa Serikali, ASA, wana kazi ya kufikisha mbegu bora kwa wakati, yaani kabla ya Desemba. Mwenye kiwanda naye asingoje mezani. Aingie mkataba na vyama vya msingi vya ushirika, atoe mbegu bora kwa mkopo, na atangaze kabla ya kupanda jinsi bei itakavyokokotolewa. Mkulima huvunja mkataba kwa kuuza pembeni pale anapodhani mzani unamwibia. Mzani wa haki ni sehemu ya mtambo, kama ilivyo parafujo ya kukamulia.

Pili ni akiba. Wakulima wa zabibu wa Hombolo wanalijua jambo hili kwa uchungu: zabibu ikiiva haingoji, na mnunuzi asipokuja huoza. Alizeti ina hisani kubwa kuliko zabibu. Ikikauka vema, unyevu wake usizidi asilimia 9 hivi, na ikiwekwa ghala lisilovuja, hungoja miezi. Basi mtambo unaolala Oktoba umelala kwa kukosa fedha za kununua Juni na ghala la kuwekea. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilitungwa ili mzao uliomo ghalani uweze kuwa dhamana benki. Kwa njia hiyo mkulima aweza kupata fedha za mwanzo bila ya kuuza yote siku ya bei mbaya, na mkamuaji aweza kupata mbegu hadi Februari. Kila mwezi mmoja wa kazi unaoongezwa namna hii hupunguza mzigo wa zile milioni 90 za mfano wetu.

Tatu, kusipotee kitu. Kilo 100 za alizeti nzuri zina mafuta kilo 40 hivi. Mashine ndogo iliyo katika hali nzuri hutoa kilo 30 kati ya hizo, na mengine hubaki katika mashudu. Parafujo ikilika, hutoa 25 au pungufu, na mwenyewe hajui, kwa kuwa hapimi. Viwanda vikubwa huyaosha mashudu kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, hata yakabaki kiasi cha asilimia moja tu. Mashine ndogo haiwezi kununua mtambo huo, lakini yaweza kuuza mashudu yake kwa wenye kuwa nao, au kuyatengeneza yawe chakula bora cha mifugo. Ugogo ni nchi ya ng'ombe. Ni ajabu kwamba mashudu yetu hupakiwa kwenda nje ya nchi, nayo ng'ombe zetu hufika mnadani Septemba mbavu zikihesabika. Maganda ya alizeti ni kuni za kuchemshia maji ya mtambo. Masalio ya usafishaji ni mali ya mtengeneza sabuni. Mkamuaji anayeuza mafuta peke yake amekuwa kama Changamwe. Anayeuza mafuta, mashudu na sabuni ameanza kufanana na Jamnagar.

Nne, mbegu zaidi ya moja. Mtambo uliotengenezwa kwa alizeti, kwa marekebisho madogo, waweza kukamua karanga na ufuta, mazao ambayo hulimwa mikoa hii hii, na mbegu za pamba za mikoa jirani pia. Majira ya masoko yake hayalingani kabisa na ya alizeti. Panapopatikana hata wiki sita za kazi ya ziada, vibarua hupata wiki sita za mshahara.

Tano, ushirika katika kusafisha. Kukamua na kusafisha ni kazi mbili. Mafuta yaliyotoka kwenye mashine yana utomvu, tindikali, rangi na harufu. Kuyasafisha kamili kwahitaji kuondoa utomvu kwa maji, kuua tindikali kwa soda kali, kung'arisha kwa udongo maalumu, na mwisho kupitisha mvuke katika joto la nyuzi 200 na zaidi ili harufu itoke. Mitambo hiyo ni ghali. Kila mkamuaji akitaka wake, yote italala. Wakamuaji ishirini wakipeleka mafuta yao kwa msafishaji mmoja, kwa ada inayojulikana, mtambo ule mmoja utakesha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika jambo hili yafaa pia tuwe na ushupavu wa kusema kwamba mashine zilizochakaa mno zifungwe au ziunganishwe, kuliko kuziacha zigawane umaskini.

Sita, ubora na soko. Mafuta ya alizeti yana sifa yake mwenyewe, na wapo walaji walio tayari kuyalipia zaidi ya mawese. Lakini hulipa mara moja tu kwa mafuta yaliyochanganywa kwa siri. Anayetia mawese ndani ya chupa yenye picha ya ua la alizeti anawaibia wakulima wote wa Hombolo, hata kama hajawahi kufika huko. Alama ya Shirika la Viwango, TBS, chupa safi, na jina lisilobadilika kila mwaka ndiyo mlango wa dukani. Na soko lipo karibu. Tangu uhamisho wa Serikali kuja Dodoma uliposhika kasi mwaka 2016, mji huu umejaa ofisi, vyuo, hospitali na majiko makubwa. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko palepale Hombolo. Jiko la chuo kimoja, likipewa mkataba wa mwaka mzima, laweza kuwa na maana kwa mkamuaji mdogo kuliko hotuba kumi. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ni njia ya pande mbili: kadiri mizigo itakavyozoea kupita humo, yaweza kushusha mafuta yetu pwani, na yaweza kupandisha mawese hadi Dodoma kwa bei nafuu kuliko zamani. Itamtumikia aliyejiandaa.

MFANYAKAZI ASISAHAULIKE

Katika hesabu nyingi za viwanda, mfanyakazi huandikwa upande wa gharama peke yake. Hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la utu. Anayejua kwa kusikia mlio kwamba parafujo imelika, anayejua kwa kushika kwamba mbegu haijakauka, huyo anaokoa kilo tano katika kila mia. Akifukuzwa Oktoba na kuondoka kwenda kubeba zege mjini, Mei hayupo, na aliyechukua nafasi yake hujifunza kwa kuunguza mafuta. Miezi ya kusimama ndiyo miezi ya kufungua mashine, kusafisha matangi, kunoa, kupima na kufundishana. Kiwanda kinachowabakiza mafundi wake kwa kazi hiyo huanza msimu siku ya kwanza, wakati jirani yake bado anatafuta spana.

Naye mfanyakazi ana wajibu wake. Gunia lililopasuka na kumwagika, umeme uliowaka bila kazi, mafuta yaliyovuja usiku kucha kwenye kiungo kibovu: hayo yote ni siku za mshahara zinazomwagika sakafuni. Chururu si ndo ndo ndo, lakini pipa hujazwa na vyote viwili, na vyote viwili huweza kulitoboa.

Mwisho, tuseme bila kuficha kilicho hatarini. Alizeti ni miongoni mwa mazao machache yanayompa mkulima wa nchi kavu fedha taslimu bila ya kumnyima chakula. Viwanda vya kukamua ni miongoni mwa viwanda vichache vinavyoweza kusimama kijijini, karibu na shamba, na kumpa kijana wa Hombolo kazi bila ya kumpeleka Dar es Salaam. Vikifa, hatutapoteza chuma peke yake. Mkulima atakuwa na mbegu zisizo na mnunuzi, mfugaji atakosa mashudu, na nchi itaendelea kupeleka fedha zake ng'ambo kununua kitu ambacho udongo wake unaweza kukitoa.

Kigamboni na Changamwe zimekuwa maghala ya mafuta ya watu wengine. Mashine za nyanda za kati bado zina moto. Mkulima na apande mbegu iliyo bora, mwenye kiwanda anunue mapema na kupima kwa haki, fundi atunze chuma chake, na Serikali iweke ushuru wake kwa muda mrefu unaojulikana, ili kila mtu apange hesabu zake bila ya kubahatisha. Msimu wa kupanda ni Desemba. Siku za kujiandaa si nyingi.